Hakuna Ajifunikaye Mkeka Bure

"Lia basi, Nise," Makerita alisema. "Machozi mawili tu. Sikuombi mto."

"Machozi hayaagizwi kama chai," Pelenise akamjibu. Akarudi kukaa kibarazani na kujipepea kwa karatasi za skripti, maana jua la Matauvai, kijiji kile cha Samoa, likishaamka halina simile.

Tangu alfajiri walikuwa wakifanyia mazoezi sini ya mwisho, na tangu alfajiri macho ya Pelenise yalikuwa makavu kama samaki wa chumvi. Si kwamba hakujua kazi. Katika filamu hii alikwishacheka, akatukana, akacheza ngoma juu ya meza, na siku ile ya sini ya sokoni hata wauza magimbi waliacha kuuza wakamtazama yeye. Lakini sini ya mwisho ilikuwa imemkaa kooni. Kila akifika pale pa kukimbia na kulia, miguu ilikimbia na uso ukabaki nyuma.

Makerita ndiye mwongozaji. Alizaliwa Ōtara, Auckland, kwa wazazi Wasamoa, na huko ndiko alikoanza kutengeneza filamu za watu kama yeye: wanawake wapendao wanawake, wanaume wapendao wanaume, na fa'afafine kama Pelenise, waliozaliwa wavulana wakaishi kike. Fedha hakuwa nazo. Alichokuwa nacho ni mdomo, miwani minene, na mpenzi wake Hinewai, Mmaori mkimya aliyeshika kamera, akala sana na kusema kidogo. Wote walikuwa wamefikia kwa Losa, mdogo wake Pelenise, wakilala chini kwenye mikeka na kuosha vyombo kwa zamu. Pelenise mwenyewe ni fundi cherehani mjini Apia, na nguo zote za filamu alizishona yeye. Katika filamu za namna hii kila mtu ana kazi mbili, na anayelalamika hupewa ya tatu.

Hadithi yenyewe ilikuwa hivi. Baba mmoja alimfukuza mwanawe fa'afafine. Miaka ikapita, kosa likamwelemea, na alfajiri moja anakuja kufanya ifoga: anajifunika mkeka wa heshima kichwa na mabega, anakaa chini mbele ya nyumba ya mwanawe, anasubiri. Aliyekosewa akiuondoa mkeka, yamekwisha. Asipouondoa, mkosaji akae hapohapo, jua limchome, mvua imnyeshee, na wapita njia wamwone. Makerita alikuwa ameandika kwamba mtoto anafungua mlango, anamwona baba, anakimbia huku akilia, anaufunua mkeka. Filamu imekwisha.

"Hakuna anayekimbia," Pelenise alisema, akimimina kakao nzito kikombeni. "Nimekwambia tangu Jumatatu. Mtu akija kwako na mkeka, humkimbilii kama unawahi basi. Unamwacha akae. Naye anajua ataachwa akae, ndiyo maana amekuja mapema."

"Watazamaji watachoka."

"Wachoke! Wao wamekaa kwenye viti."

Hinewai akacheka na andazi la panikeke mdomoni. Makerita hakucheka. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la fulana.

"Mimi nataka akimbie," akasema polepole. "Baba yangu hajaona hata filamu yangu moja, Nise. Angekuja na mkeka ule mbele ya mlango wangu, mimi ningekimbia mpaka nikaanguka."

Pelenise akamwonea huruma, lakini huruma haikumpa machozi. Yeye baba yake hakuwa Auckland. Wa kwake alikuwa nyumba ya pili, ng'ambo ya bustani ya mihogo, na asubuhi ile alikuwa akisikika anajaribu sauti: do, so, mi.

Mzee Sapati aliongoza kwaya ya kanisa la Matauvai tangu Pelenise hajajua kutembea. Alikuwa na sauti ya kuamsha kijiji na nywele nyeupe tele, alizozichana kwenda nyuma na kuzipaka mafuta ya nazi kila Jumapili, na alijivunia nywele hizo kuliko alivyojivunia mashamba. Basi Pelenise alipokuwa na miaka kumi na sita alikuwa na nywele za kufika kiunoni, na aliimba pamoja na wanawake, na hakuna aliyekuwa na la kusema. Sauti yake ilikuwa huko juu, angeimba na nani mwingine? Mpaka Ijumaa moja, kwenye mazoezi ya sikukuu ya Jumapili ya Watoto, akaja mzee wa kanisa kutoka mjini, akamnong'oneza Sapati neno. Neno moja tu, na Sapati akaona dunia nzima inamcheka. Alimwita mwanawe mbele, akamkalisha kwenye benchi, akachukua mkasi kwenye mfuko wa Pelenise mwenyewe wa kushonea.

"Kaa tuli," alimwambia. "Usitikisike."

Akazikata mbele ya kwaya nzima. Mtu mmoja alicheka, wakafuata wengine, wale wa kucheka kwa kuwa mwenzao amecheka. Alipomaliza alimwambia akasimame na wanaume wa sauti ya nne, kisha akainua mkono, na kwaya ikaimba. Hilo ndilo lililomuuma Pelenise kuliko mkasi. Kwamba waliimba, na waliimba vizuri.

Mwezi ule ule alihamia Apia kwa shangazi yake. Nywele ziliota, maisha yakaendelea, mama akafa, wakazika pamoja. Hawakugombana tena. Lakini neno moja la "nilikosa" halikuwahi kutoka mdomoni mwa mzee, na Pelenise hakuwahi kuliomba, na kwa kuwa mmoja alingoja na mwingine alinyamaza, ikafika mahali hawakuweza kusemeshana ila kupitia kwa Losa. Sasa jamani, niambieni, mtu anaigizaje kupewa kitu ambacho amekingoja zaidi ya nusu ya umri wake na hajapewa? Angejua kinavyofanana angekiigiza.

Mchana ule likaja jingine. Mzee Viliamu, aliyeigiza baba, alitokea uani na kofia mkononi. Alikuwa dereva wa basi mstaafu, mcheshi, mwenye nywele alizozipaka rangi nyeusi tii kama kiwi cha viatu.

"Mwanangu Makerita," akaanza, "filamu yako naipenda. Nimelewa kwa ajili yako, nimelia, nimempiga Nise kofi la uongo akaanguka mpaka mke wangu akanisuta. Lakini chini ya mkeka siingii."

"Mzee! Ni kesho alfajiri! Kwa nini?"

"Nikae kwa kosa gani?"

"Kosa la kwenye filamu!"

"Mkeka haujui filamu," Viliamu alisema, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyemwona akitabasamu. "Kaka yangu aligonga mtoto wa watu kwa lori, kijiji cha jirani. Tulikaa ukoo mzima mbele ya nyumba ya wenye msiba. Mimi kijana, niko chini ya mkeka, nasikia ndani mtu ananoa panga. Walitufunua, Mungu awabariki, lakini ile sauti bado ninayo hapa." Akagusa sikio. "Ule si mchezo. Hakuna ajifunikaye mkeka bure. Ukijifunika, una kosa. Kama huna, utalipata."

Makerita alimbembeleza mpaka akakauka mate. Akamwendea Tanielu, mume wa Losa. Tanielu akasema makosa anayo, tena mengi, lakini yote amemkosea Losa, na Losa hajaomba mkeka. Akamwendea fundi seremala: "Kwa kosa gani?" Akamwendea mlinzi wa shule: "Kwa kosa gani?" Kijiji kizima kilikuwa kimecheza katika filamu ile, hata shemasi aliigiza polisi mla rushwa akafurahi mno, lakini kwa mkeka kila mmoja alirudi nyuma kama ameonyeshwa kaburi lake.

"Mimi nimekulia Ōtara," Makerita alilalama. "Nilidhani ni kitu cha kuazima tu, kama mwavuli."

"Ndiyo kosa lako hilo," Pelenise akamwambia. "Ukaandike filamu juu yake."

Hinewai akatoa wazo: waweke gunia la nazi, walifunike, kamera ikae mbali. Wakajaribu. Waliweka na mto juu uwe kichwa. Mto ukalala upande, baba akaonekana kama mlevi aliyesinzia, kisha kuku akapanda juu yake akajinyea. Pelenise alicheka mpaka akashika mbavu.

"Machozi hayo!" Makerita akapiga kelele. "Nise, unalia! Hinewai, kamera!"

"Haya ni ya kucheka, mjinga wewe," Pelenise akasema huku akijifuta.

Jioni kombe la baharini likapulizwa kuita watu kwenye sala, na kazi ikasimama, maana saa ile hakuna anayetembea barabarani Matauvai. Walikaa duara nyumbani kwa Losa. Mzee Sapati alikuja kuongoza sala kama kawaida, akakaa chini akiegemea nguzo yake. Goti lake la kulia lilikuwa bovu, halikunjiki, kwa hiyo mguu ule huunyoosha mbele yake na kuufunika kitambaa kikubwa cha maua mekundu, maana si adabu kuwaelekezea watu mguu mtupu. Kijijini kote ni yeye peke yake aliyekaa hivyo.

Baada ya amina wakala: magimbi, samaki, majani yaliyopikwa kwa tui zito la nazi.

"Losa," mzee akasema, "mwambie ndugu yako apitishe chumvi."

"Losa," Pelenise akasema, "mwambie baba chumvi hiyo."

Losa, aliyekwisha kuchoka na kazi ya kuwa simu ya mezani, aliichukua chumvi akaipiga sakafuni katikati yao. Makerita akaeleza shida yake, mdomo umejaa na machozi yako karibu: filamu nzima imekamilika ila kipande hiki, na keshokutwa wanapanda ndege. Hakuhitaji hata uso wa mtu. Uso wa Viliamu angeupiga picha peke yake, bila mkeka. Viliamu hilo alilikubali. Alihitaji tu mwili wa mzee chini ya mkeka, mpaka mkono wa Nise uushike ukingo. Hapo angesema inatosha.

Sapati alitafuna hadi akamaliza. "Losa," akasema, "muulize mgeni. Huyo mtu, uso hautaonekana kabisa?"

"Kabisa, mzee," Makerita akajibu.

"Na hana haja ya kusema kitu?"

"Hata neno."

Mzee akanawa mikono, akakunja kitambaa chake cha maua, akaaga. Pelenise hakulitilia maanani. Wazee wa kwaya hupenda kuuliza. Baadaye kidogo, walipokuwa wakitandika mikeka ya kulalia, Losa alikuja akasema mtu wa kukaa amepatikana.

"Nani? Tanielu?"

"Mtu tu, dada. Ataleta na mkeka, ule wa mama. Nimempa."

"Umempa mkeka wa mama mtu tu?"

"Lala," Losa akasema, akazima taa.

Alfajiri ilikuja na mawingu. Pelenise alijipaka poda, akasimama nyuma ya mlango amevaa nguo ya kijani aliyoishona mwenyewe. Nje Hinewai alikuwa amesimika kamera chini ya mti wa shelisheli, na Makerita amechuchumaa kando yake, kidole juu. Kidole kilipoanguka, Pelenise akafungua mlango.

Mtu alikuwa amekwisha kukaa. Mkeka wa mama, laini kama kanga iliyofuliwa miaka, na manyoya mekundu kwenye pindo, ulimfunika kichwa, mabega na mikono. Alikuwa mdogo chini yake. Na mbele yake, kwenye nyasi zenye umande, mguu wa kulia ulikuwa umenyooshwa, umefunikwa kitambaa cha maua mekundu.

Pelenise alikuwa amekwisha kutoa mguu mmoja nje. Akaurudisha.

Hapo ndipo pa kukimbia. Makerita alimpungia mkono: haya, twende! Pelenise hakumwona. Alikitazama kile kitambaa, na kifuani mwake hakuona huruma wala furaha. Aliona hasira, safi, imeamka kama haijawahi kulala. Kwa hiyo ndivyo anavyokuja, alijisemea. Kwa kujificha kwenye filamu ya watu. Uso usionekane, neno lisitoke, na kesho tupitishiane chumvi.

Akakaa chini, palepale mlangoni, akakunja miguu, akaweka mikono mapajani.

Makerita alimtazama Hinewai. Hinewai akainua bega na kuacha kamera iende.

Wakakaa hivyo. Jua lilitoka kidogo likajificha, ikaanza kunyesha manyunyu. Mkeka ukaanza kulowa mabegani. Losa alikuja kwa mlango wa nyuma akachuchumaa karibu na dada yake.

"Dada Nise. Unajua ni nani?"

"Najua."

"Goti lake, dada. Na mvua hii."

"Aliyekuja kukaa, akae."

"Dada!"

"Losa, mimi nilikaa. Kwenye benchi, mbele ya watu wote, nikaambiwa nisitikisike. Niache."

Losa hakuondoka.

Saa ya kwenda mashambani ikafika, na watu wakaanza kupita barabarani na vikapu na mapanga. Wa kwanza alikuwa seremala. Aliona kamera, akatabasamu, akainua mkono kusalimu. Kisha akaona kitambaa cha maua. Mkono ulishuka. Aliweka panga chini, akafunga mwavuli, akakaa kando ya barabara kwenye majani mabichi, kichwa kimeinama. Nyuma yake alikuja mke wa shemasi, naye akakaa. Wakaja akina mama wawili wa sauti ya kwanza, wanaoimba mbele kila Jumapili, na kijana wa kinanda, na Viliamu aliyekuja kutazama sini iliyomshinda. Hakuna aliyepita amesimama. Kila aliyefika alitazama, akajua, akakaa mvuani.

Ndipo Pelenise alipoelewa kwamba alikuwa amekosea kitu kimoja. Mzee hakuwa amejificha. Angetaka kujificha angekuja jioni jikoni, akasema neno lake nyuma ya sufuria, pasipo shahidi. Alikuwa amechagua njia ya mashambani, saa ya watu, na kile kitambaa kijiji kizima kinakijua. Angeweza kukiacha nyumbani. Mbele ya kwaya alimvunjia heshima, na mbele ya kwaya amekuja. Yule mama aliyecheka wa kwanza siku ile, Pelenise alimwona pale barabarani, amezeeka, maji yanamchuruzika puani na hajifuti.

Hasira haikuisha. Mtu asikudanganye kwamba huisha hivyo, kama taa. Lakini ilisogea, ikapisha kitu kingine kipite.

Aliinuka. Hakukimbia. Alishuka ngazi akitembea kama anavyotembea mtu anayejua anakokwenda, miguu mitupu kwenye matope, nguo ya kijani inaburura. Akapiga magoti mbele ya mkeka. Chini yake alisikia pumzi ya mzee, nzito, ya mtu anayeumwa goti na hataki kujulikana. Akaushika ukingo kwa mkono mmoja.

Hapo ndipo Makerita alipotakiwa kusema inatosha. Alisahau.

Pelenise akaufunua mkeka.

Mzee Sapati hakuwa na nywele. Zile nyeupe zote, za mafuta ya nazi, za Jumapili, hazikuwepo. Kichwa kilikuwa na mabaka mabaka, hapa kumenyolewa hadi kwenye ngozi, pale kumebaki kishungi, na juu ya sikio kulikuwa na mkwaruzo wenye damu iliyoganda. Barabarani mtu alisema "Loo!" kwa sauti ndogo.

Pelenise akabaki na mkeka mkononi. Ni muda gani tangu amsemeshe bila Losa katikati, hata yeye hakukumbuka, na maneno yaliyotoka hayakuwa ya skripti yoyote.

"Nani amekukata hivi?"

"Mimi mwenyewe," mzee akasema. "Jana, baada ya sala."

"Kwa mkasi gani?"

"Wa samaki."

"Inaonekana."

Mzee akainua uso. Mvua ilikuwa ikimwingia machoni, na alikuwa akitetemeka midomo, yeye ambaye mkono wake ukiinuka watu sitini hunyamaza.

"Pelenise," alisema. Jina hilo la kike hakuwahi kulitamka. Kwake alikuwa "ndugu yako" au "yule wa Apia". Akalisema tena, kwa sauti ile ya kanisani, mpaka barabarani wakasikia. "Pelenise, mwanangu, nilikosa. Nilikukosea mbele ya watu nikaona haya kukuomba mbele ya watu. Haya yangu ikawa kubwa kuliko wewe. Nilikosa."

Makerita alipotaka machozi mawili hakuyapata. Sasa yalikuja bila kuagizwa, na hayakuwa mawili. Pelenise alilia kwa sauti mbaya, ya pua, isiyofaa kwa filamu yoyote, akauangusha mkeka wa mama kwenye mapaja ya baba yake na kuegemea pale. Mzee akamwekea mkono mgongoni. Hakujua kuupapasa, aliupiga taratibu kwa mapigo manne manne, kama anavyopimia wimbo.

Baadaye, mvua ilipokata na watu wakaanza kuinuka na kwenda zao polepole bila kelele, Makerita alikuja akachuchumaa kando yao. Miwani yake ilikuwa imejaa ukungu.

"Nise," akasema, "kamera ilikuwa inakwenda. Yote. Mpaka sasa hivi." Akameza mate. "Sijawahi kurekodi kitu kama hiki na sitarekodi tena. Lakini si cha kwangu. Ukisema nifute, nafuta mbele yako."

Pelenise alimtazama mwongozaji wake. Aliona jinsi anavyokitaka kile kipande, na jinsi alivyoikunja mikono yake asikishike.

"Kukaa kwake kuna nafasi kwenye filamu?" akamuuliza. "Kukaa kote, na mimi mlangoni, na watu barabarani?"

"Watazamaji watachoka," Makerita akasema, akicheka na kulia pamoja. "Wachoke. Kuna nafasi."

"Basi chukua mpaka mkono wangu kwenye ukingo wa mkeka. Kama ulivyomwahidi. Kichwa chake ni cha Matauvai, si cha watazamaji."

"Na wewe kulia?"

"Hukukuona," Pelenise akasema. "Ulikuwa umepofuka, angalia miwani yako."

Makerita akageuka kumtazama Hinewai. Hinewai hakungoja kuambiwa. Alikwisha kuizima kamera na kuifunika, na akaenda kukaa kwenye ngazi.

"Losa!" Pelenise akaita. "Niletee mfuko wangu wa kushonea!"

"Acha, nitavaa kofia," mzee akasema. "Jumapili naongoza kwaya."

"Utaongozaje na kichwa kama shamba lililoingiliwa na nguruwe? Watu wataimba au watacheka?"

"Wacheke," mzee akasema. "Zamu yangu."

Losa akaleta mfuko, na benchi pia, bila kuambiwa. Wakamsaidia mzee kuinuka, yeye upande huu na Pelenise upande ule, wakamkalisha. Pelenise alimfunga kanga shingoni, akafuta damu juu ya sikio kwa ncha yake, akatafuta mkasi chini ya vifungo na pini. Alisimama nyuma ya baba yake, akaweka vidole kwenye utosi wake, akaona jinsi ngozi ya pale ilivyo nyembamba. Akaanza kusawazisha, kishungi kimoja baada ya kingine, na nywele nyeupe zikaanguka kwenye nyasi.

Hakumwambia akae tuli. Mzee alikaa tuli mwenyewe.